Bei ya Mkanda ni Ipi Hasa?

Ingia duka lolote la spea pale Gerezani, Kariakoo, uulizie wota pampu ya RAV4 ya zamani, ile yenye injini ya 3S. Muuzaji hakutajii bei. Anakuuliza yeye: "Unataka ya shilingi ngapi?"

Hapo ndipo tunapochokea, sisi wenye magari ya mkanda wa taiming. Tumekuja kununua kifaa kimoja chenye kazi moja, kusukuma maji ndani ya injini, na kaunta inajaa maboksi: ya elfu arobaini, ya elfu themanini, ya laki na nusu, halafu ile inayotolewa kabatini kwa heshima, "orijino kabisa", ya laki mbili na ushee. Yote yana nembo, yote yana maandishi ya Kijapani. Mwalimu wa shule ya msingi atajuaje ipi ni ipi? Nesi aliyetoka zamu ya usiku atajuaje? Mama mwenye duka la vitenge, dereva wa Noah anayelisha familia mbili kwa gari hiyohiyo, wote wanabaki kumtazama fundi waliyekuja naye, na fundi naye anamtazama muuzaji.

Kuhusu kazi yenyewe hatubishani na mtu. Mkanda wa taiming ni mpira wenye meno unaounganisha kranki na kemu, ili valvu zifunguke na kujifunga kwa wakati wake; kranki ikizunguka mara mbili, kemu inazunguka mara moja, bila kuteleza hata jino moja. Kwenye 3S, na kwenye Subaru za injini ya EJ, mkanda huohuo ndio unaozungusha wota pampu. Kuifikia si kazi ya kuchungulia tu. Kwenye RAV4 fundi anaondoa fan belti, anaiinua injini kwa jeki, anafungua mauntingi ya kulia, anang'oa puli ya kranki, ndipo anafika kwenye makava. Ukibadilisha mkanda ukaiacha pampu ya zamani, ikaja kuvuja baadaye, unafungua yote upya na kulipa ufundi upya, na maji yake yanaweza kuuharibu mkanda uliokwisha kuulipia. Kwa hiyo fundi anaposema, "Bosi, ukishafungua hapa, badilisha na wota pampu kabisa," anasema kweli, na tunamshukuru.

Ila hesabu haiishii hapo. Kuna tensheni. Kuna idla. Kuna oili sili za kemu na ya kranki, maana oili ikivuja juu ya mkanda inaulainisha hata kama ni mpya. Kuna kulanti. Kuna ufundi. Mtu anatoka nyumbani na pesa ya mkanda, saa kumi jioni yuko gereji anawapigia ndugu wamtumie kwenye simu, gari iko juu ya mawe na haiwezi kufungwa nusu. Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kilipanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Tulifurahi, na tunastahili. Lakini mwenzetu mwenye Subaru alipoandikiwa orodha ya vifaa vyote vyenye jina, pamoja na ufundi, jumla ilikipita kima hicho kipya. Mshahara wa mwezi mzima unaingia ndani ya boneti, na watoto wana ada.

Tungekunja uso tukalipa, kama kulipa kwenyewe kungemaliza jambo. Kinachotuuma ni kulipa bei ya orijino tukafungiwa feki. Pampu inakaa miezi michache, beringi inaanza kulia asubuhi gari ikiwa baridi, kisha unaona tone la maji ya rangi chini ya kava. Unarudi dukani. Ukutani kuna bango: bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Muuzaji anasema fundi amefunga vibaya, amekaza mkanda kupita kiasi. Fundi anasema spea ndiyo mbovu, yeye kazi yake ni kufunga kilicholetwa. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na hakuna wa tatu wa kuamua. Ukiitoa risiti, ni ile ya kuandikwa kwa mkono, imeandikwa "spea" na kiasi, haina jina la kifaa wala namba yake. Tunaambiwa kila siku ukinunua dai risiti. Tunadai! Jibu tunalopewa ni kwamba ukitaka ya mashine, bei inapanda.

Tunajua wapo wauzaji waaminifu pale. Wapo wanaokuambia kwa upole, "Mama, hii ya elfu arobaini usiichukue, itakusumbua." Tunawatafuta hao kwa kuulizana, na tukimpata mmoja tunamficha kwenye simu zetu. Mji mkubwa kama Dar es Salaam hautakiwi kuwa na utaratibu wa namna hiyo.

Kuna jingine linalotukosesha raha, nalo ni kutojua wakati. Toyota nyingi za mkanda zilipangiwa kubadilishwa kwenye kilometa 100,000 kule Japani. Mkanda ukibadilishwa huko, mara nyingi gereji hubandika kibandiko ndani ya boneti chenye tarehe na kilometa. Gari inashuka bandarini Dar es Salaam na kibandiko chake, na sisi hatuwezi kukisoma. Wengine wananunua kwa mtu wa tatu au wa nne, kibandiko kimeshafutika kwa oili, na kilometa kwenye dashibodi hakuna anayeziapia. Hilux Surf na Prado za injini ya 1KZ zina taa ya mkanda inayowaka muda ukifika. Ni msaada mzuri, ila taa hiyo inaweza kurudishwa mwanzo bila mkanda kuguswa, na mnunuzi anakabidhiwa dashibodi safi na mkanda uliochoka.

Halafu hizo kilometa zenyewe ni za barabara gani? Sisi tunakaa kwenye foleni. Kutoka Mbagala hadi Posta asubuhi, au Morogoro Road jioni mvua ikinyesha, injini inazunguka saa nzima na gari imesogea kidogo mno. Mkanda unazunguka, pampu inazunguka, feni inapiga, joto limejaa kwenye boneti, na kwenye dashibodi hakuna kinachohesabu saa hizo. Mpira unazeeka kwa joto na kwa miaka pia. Fundi mwenye uzoefu anakuambia usingoje 100,000, naye yuko sahihi, lakini maana yake ni kwamba gharama hii inatufikia mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Na maji. Mitaa mingi ya Dar tunatumia maji ya kisima, mengine yana chumvi unayoionja ulimini. Kulanti nzuri ni ghali, kwa hiyo rejeta inajaziwa kilichopo kwenye dumu, na kutu na chumvi zinaila pampu kwa ndani. Tumelielewa hili na wengi wetu tumeacha kuongeza maji ya kisima. Tukienda kununua kulanti tunakuta galoni za kijani na nyekundu za bei zilezile za kutuchanganya, na ndani ya baadhi yake hatuna hakika kama kuna zaidi ya maji na rangi.

Mtu asiye na gari anaweza kusema tumezoea starehe. Ayaone matokeo ya mkanda uliokatika. Kwenye 3S nyingi una bahati, injini inazima tu, pistoni hazizifikii valvu, unavutwa hadi gereji. Kwenye dizeli ya 1KZ au Subaru nyingi za EJ, pistoni zinapiga valvu zilizobaki wazi, valvu zinapinda, silinda hedi inashushwa, na mara nyingi ushauri unakuwa utafute injini ya mtumba. Na gari haichagui pa kuzimia. Injini ikizima kwenye mteremko wa Kitonga, usukani unakuwa mzito na breki zinakuwa ngumu baada ya kukanyaga mara chache, huku lori linakuja nyuma. Noah zinazobeba abiria zinapita huko. Ndiyo sababu hatuwezi kuichukulia pampu ya feki kama kandambili za feki.

Ushauri tunaopewa na kila mtu ni uuze, ununue gari ya cheni: Vitz, IST, za injini ya 1NZ. Ni kweli cheni haina ratiba ya kubadilishwa kama mkanda, na wota pampu ya gari hizo inazungushwa na fan belti ya nje, inafikika kwa urahisi. Ila gari yetu ya mkanda ikifika sokoni, mnunuzi naye ameshasikia ushauri huohuo, na anatupa bei ya kutupa. Kununua nyingine kunarudisha ushuru na VAT ya asilimia 18. Familia ya watu saba haiingii kwenye Vitz.

Kwa hiyo tunasema na wanaohusika. Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la bidhaa bandia, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na TBS ndiyo yenye viwango. Tunawaomba wafike kwenye kaunta za spea, wasiishie kwenye makontena, na watuwekee njia rahisi ya mteja kupeleka pampu iliyokufa ikachunguzwa. Wenye maduka, andikeni kwenye risiti jina la kifaa, namba yake na kilikotengenezwa. Kama ni cha Taiwani, andikeni Taiwani, wapo watakaokinunua kwa macho makavu na hawatawalaumu.

Na ninyi mafundi wetu, tunaokaa nanyi juani tukinywa chai ya tangawizi huku mkipanga alama za taiming, turudishieni kifaa cha zamani tukione. Bandikeni ndani ya boneti karatasi ya Kiswahili: tarehe, kilometa, kilichobadilishwa. Na kabla hamjashika spana, tuambieni vifaa ni kiasi gani, ufundi ni kiasi gani, na pampu ikivuja ndani ya miezi sita ni nani atakayelipa kuifungua tena.