Tiara na Mkia Wake

Wazazi wenzangu wa Ukunda na Msambweni, kijana akiomba fedha za kuunda ndege ndogo ya kuongozwa kwa redio, msikimbilie kusema ni israfu. Wana wetu wamerusha tiara tangu zamani, na neno hilo ndilo Waarabu wa Ghuba huiitia eropleni. Hii ya redio yataka hesabu zaidi. Uzito ukirudi nyuma, haitawaliki. Wajuzi huusawazisha kwenye robo hivi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, wakiisogeza betri mpaka itulie. Mkia nao ndio uishikao. Al-Maqqari asimulia kuwa Abbas ibn Firnas wa Andalusi, aliyejaribu kuruka katika karne ya 9, aliumia aliposhuka kwa kuwa hakujifanyia mkia.

Ninachokihofia ni mahali pa kurushia. Uwanja wa Ukunda hupokea ndege za abiria kutoka Nairobi, nao u karibu mno na ufuo wa Diani. Rubani ashukaye hatakiona chombo kidogo hivyo kwa wakati. Basi kabla ya kununua betri, baba afuatane na mwanawe wakaiulize Mamlaka ya Usafiri wa Anga ni wapi paruhusiwapo. Na wakiambiwa hapa hapana, wakarushe mbali.