Njia ya Kurukia Ndege Inaishia Birere

Tangu waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa Januari 2025 na uwanja wa ndege kufungwa, ugomvi ni wa nani ataushika uwanja huo. Oktoba mwaka huo Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alitangaza mjini Paris kwamba ndege za misaada zitaanza tena kutua. M23 wakalipinga tangazo hilo. Katika kelele zote hizo, Birere, mtaa ulio kwenye mwisho wa kusini wa njia ya ndege, hautajwi.

Ndege ikishindwa upande wa kusini, ni Birere inayoipokea. Tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kupaa, ikapitiliza njia na kuingia sokoni. Walikufa watu 40, na wengi wao hata tiketi hawakuwa nayo. Tarehe 24 Novemba 2019 ikawa zamu ya Dornier 228 ya Busy Bee, ndege ndogo ya abiria 19 iliyokuwa ikienda Beni. Iliangukia nyumba za Mapendo, palepale jirani, ikaua zaidi ya watu 20.

Kaskazini nako kulikuwa na ukuta wa aina yake. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilifunika karibu theluthi ya njia, na Novemba 2009 MD-82 ya shirika la CAA ilitua, ikashindwa kusimama, ikajitosa katika mawe hayo. Bahati nzuri hakufa mtu.

Kila mara lawama huenda kwa kampuni: ndege kuukuu, matengenezo ya kubahatisha. Si uongo, maana Umoja wa Ulaya umeyafungia mashirika ya Kongo anga yake. Lakini injini huzimika popote duniani. Itakapoangukia ndege, hilo ni jambo la mipango miji.

Kanuni za kimataifa zinataka mita 60 za wazi baada ya njia kuisha, kisha eneo la usalama la angalau mita 90, na ikiwezekana 240. Kwenye viwanja vikubwa, kila mita 50 mbele ya hapo, kizuizi kinaruhusiwa kupanda mita 1 tu. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, ndege inakimbia sana kabla ya kunyanyuka. Ndiyo maana mradi wa Benki ya Dunia wa kuondoa lava kwenye njia, ulioidhinishwa mwaka 2015, ulikuwa na maana: ndege inayoanzia mbali kaskazini hupita Birere ikiwa juu zaidi.

Wako wanaotaka uwanja uhamishwe. Wapi? Huku ziwa, huku Rwanda, huku volkano na hifadhi ya Virunga. Wengine wanataka Birere ibomolewe, wasijali kwamba mwenye kiwanja alikinunua na anaendesha duka lake hapohapo. Kwangu mimi, ziondolewe nyumba zilizo ndani ya mita 300 za mwanzo baada ya njia tu, na malipo yatangulie tingatinga. Hadi hapo, ndege nzito zipunguziwe mzigo.

Fedha? Abiria wa Kongo wamelipa Go-Pass kwa miaka, dola 10 kwa safari ya ndani na 50 kwa ya nje, kwa ajili ya kutengeneza viwanja vya ndege. Atakayeufungua uwanja wa Goma, awe nani, aanze kwa kuonyesha hesabu ya fedha hizo, na fungu la watu wa Birere liandikwe juu kabisa.