Pikipiki Inapogonga Mbele
Barabara ya kutoka Jalan Bani Bu Ali kwenda Al Ashkharah, nchini Oman, ni lami tupu, lakini ukichepuka kwenye njia za changarawe zinazopakana na mchanga wa Sharqiya, utakuta ardhi imejikunja kama bati, na hapo ndipo pikipiki huanza kutoa mlio wa kugonga kwa mbele. Tafadhali, usikubali kuuziwa shokapu mpya kabla kosa halijatafutwa. Mlio hudanganya: chuma huusafirisha, ukausikia kwenye usukani ilhali umezaliwa chini gurudumuni. Anza na breki. Pita kwenye mikunjo taratibu, ukiwa umegusa breki ya mbele kidogo tu. Mlio ukikoma, tazama pedi na pini zake. Usipokoma, simama, bana breki hiyo kabisa, weka kidole pale shingo ya usukani inapokutana na fremu, kisha isukume pikipiki mbele na nyuma. Ukihisi shingo inacheza, beringi za usukani zimelegea au zimekwisha, na vumbi la huku halizihurumii zikikosa grisi. Madigadi, taa na waya hukaguliwa kwa mkono, bolti moja baada ya nyingine (na hapo ndipo kelele nyingi huishia). Rekebisha kitu kimoja, ujaribu pikipiki, ndipo uguse kingine. Nati ya usukani isikazwe kupita kiasi, maana usukani mzito huyumbisha. Ila beringi zikiwa zimelegea, pikipiki isitoke kabisa: ngamia hukatiza barabara hizi bila taarifa, na breki ya ghafla inahitaji usukani unaotii.