Maji na mawingu tu: foto yenye haina mutu ndani

Mu ukurasa huu tumezoea kusema juu ya mambo ya nyumba. Mwezi huu tuseme juu ya foto, kwa sababu mu kila nyumba ya kambi kuna albamu, na vijana wetu siku hizi wanatembea na aparei ndani ya telefone.

Kwetu foto ni mutu. Tunapiga ndoa, ubatizo, matanga, siku ya diploma. Ukileta foto yenye haina mutu, mama atauliza: "Njo nini hii? Nani iko mule?" Lakini kuna wapiga-foto waliotumia miaka mingi kwa kitu kimoja: maji chini, mbingu na mawingu juu, na ule mustari mahali vinakutana.

Wa zamani anayejulikana sana ni Mufransa Gustave Le Gray, aliyezaliwa mwaka 1820. Kwanza alijifunza kuchora kwa rangi, kiisha akaingia mu kazi ya foto. Tangu 1856 alipiga bahari ya Normandie, na mwaka 1857 akashuka mpaka Sète, kwenye Bahari ya Kati.

Wakati ule filimu haikuwa. Mupiga-foto alipakaa kioo dawa ya kolodioni, akakitia ndani ya aparei kingali kibichi, akapiga, akakiosha mu giza palepale mbele ya kukauka. Sasa, dawa ile ilikuwa na tabia moja mbaya: rangi ya samawati iliikamata upesi, rangi zingine polepole. Ukingojea mpaka bahari itoke vizuri, mbingu imekwisha kuungua. Inatoka nyeupe tupu kama shuka, mawingu yote yamepotea. Ukifupisha wakati ili mawingu yabaki, bahari inatoka nyeusi kama makaa.

Le Gray alifanya nini? Alitumia vioo viwili. Kimoja cha bahari, kingine cha mbingu ya saa ingine. Mu chumba cha giza alichapa nusu ya chini kwa kioo cha kwanza, akaifunika, akachapa nusu ya juu kwa kioo cha pili. Kiungo alikificha kwenye ule mustari wa bahari, mahali macho yetu yenyewe yanangojea kuona mustari. Fundi kweli! Mbingu moja aliiweka juu ya bahari mbalimbali, na ukilinganisha foto zake utaona mawingu ni yale yale. "La Grande Vague" ya 1857 iliungwa hivyo. Si zote, lakini. "Brick au clair de lune" ya 1856, yenye mashua, ilitoka kwa kioo kimoja. Watu waliona mwezi mule; kumbe ni jua la muchana nyuma ya mawingu.

Sasa vijana wataniuliza: Pasta, ule si mudanganyifu? Ni ulizo zuri, na tusilikimbie. Mimi ninaona hivi. Le Gray hakuja kutoa ushuhuda kwamba siku fulani, saa fulani, wingu hili lilisimama juu ya wimbi hili. Alitaka karatasi ionyeshe kile macho ya mutu yanaona kwenye bahari, maji na mawingu pamoja, jambo ambalo dawa ya kioo ilikataa. Telefone yako pia inafanya vile bila kukuuliza: inapiga foto mbili tatu kwa mara moja, ya giza na ya mwangaza, inaziunganisha. Lakini kijana anayejibandika mbele ya munara wa Paris, na anatumia wazazi wake foto ile ili wauze shamba wamutumie feza, huyo anatoa ushuhuda, na ushuhuda wake ni wa uwongo. Makasi ni yale yale, kazi haifanani.

Mwisho wa Le Gray ni wa huzuni. Studio yake ya Paris ilikuwa ya fahari, lakini madeni yaliimeza. Mwaka 1860 alipanda mashua pamoja na mwandikaji Alexandre Dumas, akaacha bibi na watoto Ufaransa, na hakurudi tena. Aliishi Cairo akifundisha watu kuchora, akakufa kule mwaka 1884. Mwaka 1999, mu London, foto moja ya "La Grande Vague" iliuzwa zaidi ya pauni 500,000.

Mwingine ni Hiroshi Sugimoto, Mujapani aliyezaliwa Tokyo mwaka 1948. Alianza kupiga bahari mwaka 1980, kule Jamaika. Yeye anatumia aparei kubwa ya filimu, nyeusi na nyeupe, na mustari anauweka katikati kabisa: nusu maji, nusu hewa. Hakuna mashua, hakuna inchi kavu, hata ndege mumoja. Alijiuliza kama mutu wa leo anaweza kuona kitu kile kile mutu wa kwanza alikiona. Milima inabomoka, miti inakatwa; sisi watu wa mines tunajua namna mulima unaweza kuisha. Bahari ndiyo inafanana zaidi na ya zamani.

Msiseme bahari iko mbali na sisi. Sugimoto alipiga maziwa pia, kama Ziwa Superior kule Amerika. Basi mwenye kwenda Kalemie kusalimia jamaa ajaribu. Moshi wa kiangazi ukificha milima ya ng'ambo, maji na mbingu vinakuwa karibu rangi moja. Simamisha telefone juu ya jiwe isitikisike, angalia mustari usilale upande, ungojee mitumbwi ipite. Siku ya upepo piga hata ishirini, maana wimbi la pili halifanani na la kwanza. Kisha uandike nyuma yake jina la maji na la mahali tu, kama Sugimoto anavyofanya: Tanganyika, Kalemie.