Mwanafunzi wa udaktari hufunzwa na nani?

MGOMO wa madaktari wa hospitali za umma ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100. Wengi walilia na wagonjwa, na ilistahili. Waliosahaulika ni wanafunzi wa udaktari, ambao darasa lao ni wodi.

Mwanafunzi aliyekwisha kupitia anatomia na nadharia hatamani tena mhadhara wa saa mbili. Atakacho ni kumhoji mgonjwa, kumpima, kutamka anachokishuku mbele ya mwalimu na kusahihishwa papo hapo. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilitambua hilo mapema. Mtaala wake hujikita katika kutatua matatizo, na wanafunzi hupelekwa mashinani kujifunza miongoni mwa jamii.

Tatizo ni msongamano. Kitanda kimoja kikizungukwa na wanafunzi kumi na watano, walio nyuma huona migongo ya wenzao tu. Mgonjwa naye, ambaye tumbo lake limebonyezwa tangu alfajiri, ana haki ya kukataa, ingawa ni nadra kuelezwa hivyo.

Kwa hivyo mwanafunzi humsubiri daktari mwanagenzi zamu ya usiku, kundi likishatawanyika. Huyo ndiye humwonyesha jinsi ya kutafuta mshipa na kuandika faili. Ni mwalimu asiyetambuliwa.

Na ndiye serikali iliyetaka kumlipa Sh70,000 kwa mwezi badala ya Sh206,000 zilizoafikiwa 2017, hatua iliyochochea mgomo mwingine wa siku 56 mwaka 2024.