Mgema wa Bordeaux na mgema wa Naivasha

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kule Bordeaux, kusini magharibi mwa Ufaransa, wako wagema wa namna yao ambao kila mwaka hungojea kusifiwa, na wakishasifiwa hawatii maji bali hupandisha bei. Msomaji wangu, hebu Jumapili ya leo tuwatazame wagema hao, kisha turudi nyumbani Naivasha tuone sisi tumesimama wapi.

Mizabibu ya Bordeaux huvunwa kati ya Septemba na Oktoba. Zabibu hupondwa, juisi yake ikachacha, na divai ile changa ikatiwa katika mapipa ya mti wa mwaloni. Ifikapo Aprili, hata kabla divai hiyo haijatimiza miezi minane, wanunuzi na waandishi kutoka kila pembe ya dunia humiminika huko kuionja ikingali mapipani. Huonja na kutema, maana anayemeza makumi ya glasi kwa siku hawezi kuandika lolote la maana, halafu hutoa alama kama mwalimu anayesahihisha insha. Alama zikishajulikana, bei hutangazwa. Mnunuzi hulipa papo hapo, lakini chupa zake huenda asizitie machoni hadi mwaka mmoja na nusu au miwili ipite.

Kwa mtu wa Molo biashara kama hii si ngeni. Dalali huingia katika shamba la viazi vikiwa bado ardhini, akachimbua mashina mawili matatu, akapima kwa macho na kutoa bei. Tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa: kule Bordeaux anayetaja bei ni mwenye shamba, wala si dalali.

MWAKA NI SHAJARA YA MVUA

Huenda umewahi kuona mwaka umeandikwa kwenye chupa ya divai ukadhani ni tarehe ya kutengenezwa kiwandani. La hasha. Huo ni mwaka ambao zabibu zilivunwa, na kwa Mfaransa tarakimu hizo nne ni shajara ya hali ya hewa.

Mathalani, mwezi wa Aprili 2017, baridi ya usiku, ile ile inayounguza viazi kule Kinangop, iliangukia machipukizi mateke na kuteketeza sehemu kubwa ya mavuno. Mwaka 2013 ulikuwa wa baridi na mvua, zabibu zikakataa kuiva sawasawa, na divai yake haikupata sifa. Mwaka 2022 ukawa kinyume kabisa. Kiangazi kilikuwa kikali, na misitu ya mkoa huo ikashika moto mwezi wa Julai, zaidi ya hektari 20,000 zikaungua. Hata hivyo zabibu zilitoka ndogo, zenye ngozi nene na juisi nzito, na divai ya mwaka huo ikasifiwa mno. Kisha ukaja mwaka 2024 na mvua zake, ukungu ukashambulia mizabibu, na bei ikashuka.

Basi chupa mbili zaweza kutoka shamba moja na mikono ile ile, lakini moja iwe ya sherehe na nyingine iwe ya kawaida tu. Hiyo ndiyo maana ya mwaka.

IKWETA HAINA MAJIRA YA BARIDI

Sasa tuje kwetu. Bordeaux iko katikati kabisa ya safari ya kutoka ikweta hadi ncha ya kaskazini ya dunia. Mwezi wa Juni jua huwaka huko zaidi ya saa 15 kwa siku. Desemba mzabibu hupukutisha majani yote, ukasimama kama kuni, ukalala. Usingizi huo ndio unaoupumzisha, na ukiamka mwezi wa Machi au Aprili, mashina yote huchipua karibu kwa pamoja.

Naivasha iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta. Mchana wetu ni wa saa 12, uwe Juni au Desemba. Hapa mzabibu haulali. Ukiachwa ujiendeshe wenyewe, shina moja litabeba majani, maua, zabibu mbichi na zabibu mbivu kwa wakati mmoja, kisha litachoka mapema. Kwa sababu hiyo mkulima wa ikweta hana budi kuleta majira ya baridi kwa mkono wake. Huchukua makasi, akapogoa matawi yote hadi yabaki vishina, na mzabibu ukalazimika kuanza upya. Akitaka kuvuna Januari au Februari, wakati wa jua kavu, hupogoa yapata miezi mitano kabla. Akitaka, na shamba likikubali, anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Maana yake ni nini? Kule Ufaransa mwaka huandikwa na mbingu. Kwetu huandikwa na makasi. Mvua ya masika ikimkuta na zabibu zinazoiva, ukungu utamla pamoja na jasho lake. Akihesabu vyema, ataikwepa. Kwa hivyo usiulize divai ya huku ni ya mwaka mzuri au mbaya kama wanavyouliza wenzetu. Uliza ni ya mkulima gani, na alipogoa lini.

Lakini ikweta peke yake isikutishe. Naivasha imeinuka yapata mita 1,900 juu ya bahari. Milima ya Nyandarua na safu ya Mau huizuilia mvua nyingi, ardhi yake ni ya majivu ya volkeno yasiyotuamisha maji, na ziwa liko karibu kwa kunyunyizia. Zaidi ya yote, jua la mchana hufuatwa na baridi ya usiku inayokulazimisha kutafuta blanketi. Jua huipa zabibu sukari, na baridi huitunzia ukali wake. Divai isiyo na ukali huo huwa kama chai isiyo na majani.

WALIOTUTANGULIA

Si ndoto mpya hii. Kampuni ya Kenya Wine Agencies iliundwa mwaka 1969, na wazazi wetu wanaikumbuka divai yake ya mapapai. Walioinywa wana mengi ya kusema, mengine yasiyofaa kuandikwa katika ukurasa wa familia! Katika miaka ya 1980 mume na mke mmoja walipanda mizabibu karibu na Ziwa Naivasha, wakatengeneza divai iliyouzwa kwa jina la Lake Naivasha Vineyards. Baadaye, katika shamba la Morendat, papo hapo Naivasha, Rift Valley Winery ilipanda Sauvignon Blanc ya divai nyeupe na Shiraz ya divai nyekundu, aina mbili za zabibu zenye asili ya Ufaransa.

Divai hiyo ya Morendat haikupewa jina la Kifaransa. Iliitwa Leleshwa. Mtu yeyote aliyechunga mbuzi katika Bonde la Ufa anakijua kichaka hicho chenye majani ya kijivu, ukiyafikicha yananukia kama kafuri. Ndicho kilichoupa jina mtaa wa Kileleshwa jijini Nairobi.

Ndugu zetu wa Tanzania walitangulia. Wamisionari Wakatoliki kutoka Italia walipanda mizabibu Dodoma katika miaka ya 1950 ili kupata divai ya misa. Kutoka kanisani ikaingia mashambani, na hadi leo wakulima wadogo wa Dodoma hulima zabibu na huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Wameonja utamu wake na uchungu wake pia, kwa kuwa mara kadhaa zabibu zimewaivia wakakosa wa kuzinunua, na zabibu mbivu haingoji kama mahindi ghalani.

KIJIJI CHENYE JINA

Kwa nini nijishughulishe na chupa moja ya divai ilhali Naivasha ina maua yanayosafirishwa kwa ndege kila siku? Sababu ni jina.

Waridi la Naivasha likifika Ulaya huchanganywa na mengine, likafungwa shada, likauzwa. Mama anayepewa shada hilo siku ya wapendanao hajui lilichumwa Karagita au Kongoni. Chai ya Kericho nayo huchanganywa na chai za nchi nyingine, likabaki jina la mwenye pakiti. Divai haiko hivyo. Ni miongoni mwa mazao machache ya shamba yanayokwenda sokoni yakiwa yamebeba jina la kijiji chao. Pauillac, Margaux na Saint-Émilion ni vijiji na miji midogo ambayo pengine ingemezwa na mtaa mmoja wa Nakuru. Hata hivyo, watu ambao hawajawahi kukanyaga Ufaransa wanayajua majina hayo, na wako radhi kuyalipia.

Jina hilo halikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1855, Maonyesho ya Paris yalipokuwa yakiandaliwa, wafanyabiashara wa Bordeaux walipanga mashamba ya divai kwa madaraja, la kwanza hadi la tano, wakifuata bei zake sokoni. Orodha hiyo imebadilishwa kwa nadra sana, na hadi leo inaheshimiwa. Nakuru ilitangazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021. Jiji lina haki ya kuwa na chakula na kinywaji kinachojulikana kwa jina lake.

Hata hivyo, msomaji, usikimbilie kung'oa mahindi. Huko huko Bordeaux, ambako mizabibu ilifunika zaidi ya hektari 100,000, divai imekuwa nyingi kuliko wanywaji. Wafaransa wenyewe wamepunguza kunywa divai nyekundu. Kuanzia mwaka 2023 mpango uliungwa mkono na serikali wa kuwalipa wakulima wa eneo hilo yuro 6,000 kwa kila hektari watakayong'oa. Naam, walilipwa wang'oe! Wenye majina makubwa wanaendelea kuuza, na wasiojulikana ndio wanaoshika jembe kungoa walichopanda babu zao. Mzabibu huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kutoa mavuno ya kueleweka, na wa kwetu huhitaji nyaya, maji, dawa ya ukungu na mlinzi wa ndege. Anayetaka kupanda sharti kwanza ajue nani atamnunulia. Nyinyi wanafunzi wa kilimo na sayansi ya vyakula pale Egerton, Njoro, hapa pana kazi: kujua ni aina ipi inayostahimili ukungu wetu na inayoamka sawasawa baada ya makasi. Jibu hilo halitatoka Bordeaux, kwa kuwa wao hawana swali hilo.

CHUPA ILIYO KABATINI

Nihitimishe nyumbani. Katika sebule nyingi za Nakuru, kutoka Milimani hadi Section 58, iko chupa ya divai iliyoletwa zawadi siku ya harusi. Imesimama juu ya kabati, chini yake kitambaa cha kufumwa, na baba huwaambia wageni kwamba divai kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa tamu. Kwa divai chache za gharama kubwa, maneno hayo ni kweli. Divai nyingi zinazouzwa madukani hutengenezwa zinywewe katika miaka michache ya kwanza, hasa nyeupe. Jua la dirishani na joto la jikoni huziua mapema. Yenye kizibo cha gamba la mti ilazwe, isisimamishwe, ili kizibo kisikauke na kupitisha hewa. Ikishafunguliwa imalizwe kwa siku chache, ama utakuwa na siki ya kutia kwenye kachumbari.

Ukienda dukani, usiununue mwaka peke yake. Soma zabibu zilikotoka, na nani alizitia chupani. Chupa isiyotaja lolote kati ya hayo imekuficha jambo, na katika nchi ambayo pombe ya magendo imeua watu na kupofusha wengine, kufichwa jambo si mchezo. Na kwa kuwa ukurasa huu husomwa na watoto pia, tukumbushane kwamba sheria ya pombe ya mwaka 2010, ile tuliyoizoea kwa jina la Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha penyewe, ilipiga marufuku kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Mwenye umri huo atosheke na zabibu zenyewe. Ni tamu, na hazina mwaka.

Mgema wa Bordeaux amesifiwa tangu 1855 na bado analinda tembo lake, kwa kuwa jina la kijiji chake liko kwenye chupa. Wa kwetu hajasifiwa vya kutosha hata apate kishawishi cha kutia maji. Tukimwonja, tumwonje kwa haki. Divai yake ikiwa mbaya tumwambie, ikiwa nzuri tumlipe, na tusiipite rafuni kwa sababu tu ndani yake mmeandikwa leleshwa badala ya neno tusiloweza kulitamka.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.