Mama Anayetafutwa Lubumbashi Naye Anatafuta

Baloji Tshiani alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Kabla hajafikia umri wa kuanza shule, baba yake alimchukua akaenda naye Ubelgiji, mama akabaki Katanga. Miaka mingi ikapita bila mawasiliano. Mtoto akakulia Liège, akajulikana kwa muziki wa rap akiwa na kundi la Starflam, mpaka siku ilipomfikia barua ya mama yake. Jibu lake lilikuwa albamu nzima, Hotel Impala, iliyotoka mwaka 2007, ambamo alimsimulia mama maisha ambayo mama hakuyaona. Akafunga safari mpaka Lubumbashi kumwona. Mwaka 2023 filamu yake ndefu ya kwanza, Augure, ilipata tuzo katika tamasha la Cannes. Inamhusu kijana anayerudi Kongo na mchumba wake Mbelgiji, mjamzito, na kukuta familia isiyojua imweke wapi. Aliyeigiza nafasi hiyo, Marc Zinga, naye ni mzaliwa wa Likasi.

Watu hupenda kukisimulia kisa hiki kama cha mwana aliyerudi kwao. Lakini aliyeanza kutafuta ni mama. Ndiye aliyeandika barua.

Jambo hilo linastahili kuzingatiwa, maana Lubumbashi ni miongoni mwa miji ambako watu waliochukuliwa wadogo hurudi kuulizia waliowazaa. Wapo machotara wa enzi za ukoloni, sasa wazee wenye wajukuu. Wapo walioasiliwa na familia za Ulaya baada ya uhuru. Wapo waliochukuliwa na baba wa damu na kukua bila sauti ya mama. Wote hao, wakiwa Ulaya, wana mahali pa kuanzia: nyaraka zinazotunzwa Brussels, vyama vya wenzao, mawakili, waandishi wa habari. Mama aliyebaki kwenye mitaa ya Katuba au Kamalondo hana ofisi hata moja ya kumwandikia jina la mwanawe kwenye karatasi na kumwambia, mama, tutakupigia simu. Huo ni upungufu wetu wenyewe, na kuurekebisha hakuhitaji kungoja Brussels wala Kinshasa.

Tuanze na lililokwisha kuthibitishwa. Katika Kongo ya Wabelgiji, mtoto wa baba Mzungu na mama Mwafrika alionekana hatari kwa utaratibu mzima wa kutenga rangi. Utawala ulijipa ulezi wa watoto hao, ukiegemea amri za tangu enzi za Leopold wa Pili, za mwaka 1890 na 1892, zilizohusu watoto waliodaiwa kutelekezwa. Walitelekezwa na nani? Mama alikuwepo, bibi alikuwepo, wajomba walikuwepo. Maofisa waliwatafuta watoto kijiji kwa kijiji na kuwakabidhi kwa misheni, mara nyingi mbali sana na nyumbani, ili njia ya kurudi ipotee. Kwenye karatasi zao iliandikwa mara nyingi kwamba baba hajulikani, hata pale kijiji kizima kilipomjua kwa jina na kwa cheo. Idadi ya machotara waliozaliwa chini ya utawala huo Kongo, Rwanda na Burundi inakadiriwa kuwa kati ya 14,000 na 20,000.

Tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali yake. Wanawake watano hawakuona kwamba yameisha. Monique Bitu Bingi, Léa Tavares Mujinga, Noëlle Verbeken, Simone Ngalula na Marie-José Loshi walichukuliwa kati ya mwaka 1948 na 1953, wakiwa hawajatimiza miaka saba, wakawekwa kwenye misheni ya masista ya Katende, Kasai. Mwaka 2021 mahakama ya Brussels iliwakatalia. Wakakata rufaa, na tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba Ubelgiji ilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu, ikaiamuru serikali imlipe kila mmoja euro 50,000. Walikuwa na zaidi ya miaka sabini siku hiyo.

Hukumu hiyo ni kubwa, na ushujaa wa akina mama hao utakumbukwa. Hata hivyo, walioshtaki ni mabinti. Wale waliopokonywa watoto mikononi hawakuwa miongoni mwa walalamikaji. Katika nyaraka za ukoloni mama ni mstari mmoja, pengine jina moja tu, pengine na jina la kijiji lililoandikwa kwa masikio ya Mzungu.

Hapo ndipo shida ya anayerudi inapoanza. Mtu anafika komini ya Lubumbashi, katikati ya jiji, na karatasi inayosema amezaliwa Elisabethville, mkoa wa Katanga, mama akiwa Joséphine. Elisabethville ilibadilishwa jina kuwa Lubumbashi mwaka 1966. Katanga ikawa Shaba mwaka 1971, ikarudia jina lake mwaka 1997, ikagawanywa mikoa minne mwaka 2015. Joséphine naye mwaka 1972 alilazimika kuliacha jina la ubatizo, kama Wazaire wote, katika siasa ya uhalisi ya Mobutu. Huenda tangu hapo akaitwa Ngoie au Kalenga, na akina Ngoie mjini hapa hawahesabiki. Kama aliolewa tena, majirani wa lupango wanamjua kwa jina la mtoto wake wa kwanza wa ndoa ya pili. Mgeni anaweza kupita mlangoni pake mara kumi akiulizia mtu ambaye mtaa mzima haujawahi kumsikia.

Na kama mama alikuwa wa asili ya Kasai, pengine hayuko mjini tena. Mwaka 1992 na 1993, gavana wa mkoa akiwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, Wakasai kwa maelfu walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walilala kwenye vituo vya reli wakingojea treni, na wengi walifia humo au njiani. Waliofika waliishia Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi na kwingineko. Anayemtafuta mama aliyeishi Likasi mwaka 1975 lazima aijue historia hiyo, na ni nadra kuikuta kwenye faili lolote la Ulaya. Ataipata kwa wazee waliobaki.

Wengi siku hizi wanaweka tumaini kwenye kipimo cha DNA. Unanunua kijikasha, unatema mate, unakituma kwa posta, majibu yanakuja kwenye simu. Tatizo ni kwamba kipimo hulinganisha DNA yako na ya waliokwisha kupima tu, na waliopima ni Wamarekani na Wazungu kuliko watu wengine. Chotara wa Katanga atapata binamu wa upande wa baba huko Namur au Antwerp. Upande wa mama atakuta patupu, kwa sababu hakuna shangazi wa Ruashi aliyewahi kutuma mate yake kwenye maabara ya ng'ambo. Kwa upande huo daftari la ubatizo na kumbukumbu za wazee bado vina nguvu kuliko maabara.

Karibu na mpaka wa Zambia kuna watu wenye kilio hichohicho kwa upande wa pili. Kampuni ya Nippon Mining ya Japani ilipata mkataba mwaka 1967, na miaka ya sabini ikachimba shaba Musoshi kupitia kampuni ya Sodimiza. Wanaume wa Kijapani walikuja bila wake zao, wakazaa na wanawake wa huku, kisha mradi ulipowashinda mwanzoni mwa miaka ya themanini wakarudi kwao. Watoto wao leo ni watu wazima, wameunda chama, wanataka kuwajua baba zao. Kuzaliwa kwao kunajulikana na mama wanaye. Kinachokosekana ni orodha ya majina iliyoko ofisini Japani. Akina mama wa Musoshi wameyasema yote wanayoyakumbuka. Kimya kiko upande wa wenye karatasi.

Ujerumani, ambako Vita vya Pili vya Dunia viliacha maelfu ya watoto wa namna hii, inafaa kutazamwa kidogo. Baada ya mwaka 1945 wanawake wa Kijerumani walizaa na wanajeshi Weusi wa Marekani. Kufikia katikati ya miaka ya hamsini watoto hao walikuwa karibu 5,000. Mwandishi wa habari Mabel Grammer, Mmarekani Mweusi aliyeishi Mannheim, alisaidia takriban 500 kati yao kupata familia za Weusi wenzake Marekani. Baadhi yao walikuja kurudi Ujerumani wakiwa watu wazima, kuulizia mama. Huko sheria imewekea jambo hili msingi: aliyeasiliwa, akitimiza miaka 16, ana haki ya kuomba cheti cha kuzaliwa kwake kama kilivyoandikwa mwanzo, na faili la kuasiliwa lazima litunzwe miaka 100 tangu alipozaliwa. Haikuondoa uchungu, wala si kila mama alifungua mlango. Lakini mwenye kuuliza anajua aende dirisha lipi.

Sisi tuna nini? Tunayo mengi kuliko tunavyofikiri. Ofisi za etasivili za komini zina madaftari ya vizazi, ndoa na vifo. Parokia zina madaftari ya ubatizo, na mara nyingi pembeni mwa jina padri aliongeza ndoa iliyofuata na mahali ilipofungwa. Ziko pia kumbukumbu za kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyorithiwa na Gécamines. Tangu mwishoni mwa miaka ya ishirini Union Minière iliwaweka wafanyakazi kambini pamoja na familia zao, ikawagawia posho mke na watoto, na ili posho isizidi ilimwandika kila mke na kila mtoto. Wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Donatien Dibwe dia Mwembu, wametumia mafaili hayo kuandika maisha ya wafanyakazi wa migodi. Faili lililomsaidia profesa kuandika kitabu linaweza kumsaidia mtu kumpata dada yake.

Madaftari hayo hayataishi milele. Yanaliwa na mchwa, yanalowa mvua za Januari, yanaishia kufungia karanga sokoni. Kupiga picha kurasa zake na kuzihifadhi ni kazi ambayo vijana wa chuo wangeweza kuianza mwaka huuhuu kwa simu walizo nazo, chini ya usimamizi wa mtunza nyaraka anayeijua kazi yake na kuijua siri.

Siri ni lazima. Kuna mama aliyezaa kwa kulazimishwa, akaolewa baadaye, na mumewe hajui. Mlango wake hauwezi kugongwa na mgeni mwenye kamera mbele ya wakwe. Aulizwe kwanza, peke yake, na mtu mwenye heshima, na akikataa, akubaliwe. Mwana anayerudi naye aelezwe mapema kwamba huenda akapokewa na ndugu kumi na wawili wenye madeni ya shule na ya hospitali, wanaoamini mtu wa Ulaya amekuja kuyalipa. Si uroho. Kwa familia, mtoto aliyerudi ni mtoto, na mtoto mkubwa husaidia kwao. Wawili hao wana haki ya kuelezana bila kuaibishana.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha. Utoaji wa watoto wetu kwa familia za nje haukuisha na ukoloni. Mwaka 2013 idara ya uhamiaji ya Kongo ilisimamisha vibali vya kutoka kwa watoto walioasiliwa na wageni, kwa hofu ya udanganyifu. Hofu ilikuwa ya kweli. Mwaka 2015 wazazi wa Gemena, Équateur ya zamani, waliambiwa watoto wao wanapelekwa Kinshasa kwa likizo. Watoto wakaishia kuasiliwa Ubelgiji kama mayatima, na vipimo vya DNA baadaye vikaonyesha kwamba wazazi wao wako hai. Hapo wazazi ndio waliobaki wakiuliza mtoto yuko wapi. Machotara wa mwaka 1950 na watoto wa mwaka 2015 wametenganishwa na miaka sitini na tano, na kilichowapoteza ni kilekile: mama hakuulizwa, na karatasi iliandikwa kana kwamba hayupo.

Kwa hiyo ombi la makala haya ni dogo na lina anwani. Ofisi ya etasivili ya komini ya Lubumbashi ifungue daftari moja la watafutao, na lipokee majina kutoka pande zote mbili: mwana anayemtafuta mzazi, na mzazi, dada au kaka anayemtafuta mwana. Jimbo kuu la Lubumbashi liagize parokia zijibu maombi hayo bila kumzungusha mtu. Gécamines iwaruhusu watu waone kurasa zinazowahusu. Ubalozi mdogo wa Ubelgiji uliopo mjini humu upokee majina ya akina mama na kuyafikisha Brussels, kwenye Nyaraka za Taifa, ambako watafiti wamekuwa wakifuatilia historia ya machotara tangu bunge la Ubelgiji lilipopitisha azimio kuwahusu mwaka 2018.

Na wewe msomaji, ikiwa nyumbani kwenu kuna mama au bibi ambaye hutaja mtoto aliyeondoka na hakurudi, kaa naye wiki hii. Andika jina la mtoto, jina la mama kama lilivyokuwa kabla ya mwaka 1972, misheni, kambi, jina la Mzungu kama analikumbuka. Tia tarehe, mpe aweke sahihi au kidole, kisha peleka nakala moja parokiani na moja kominini, na udai upewe risiti.